Ziara za siku moja Lisbon: namna ya kuzichagua na kuzifaidi

Ukisimama Praça do Comércio, uwanja mkubwa wa Lisbon unaotazama mto Tejo, dakika tano hazipiti kabla mtu hajakuuzia ziara. Kuna bajaji za umeme, kuna mabasi yasiyo na paa, kuna vijana wenye miavuli ya rangi wanaokusanya watu wa matembezi ya "bure", na kuna vibao vya Sintra, Fátima, Évora na kwingineko, kila kimoja kikiahidi kukuonyesha kila kitu kwa siku moja. Bei zinapishana sana, ilhali maelezo yanafanana neno kwa neno.

Kanuni ninayowapa wageni wangu ni fupi. Mlipe mwongoza watalii pale ambapo macho yako peke yake hayatakuambia unachokiona, au pale ambapo usafiri utakula siku yako nzima. Kwingine panda treni, ubaki na hela yako. Na kwa mtu wa Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada ya kuchagua kwa makini: sehemu ya utajiri uliopamba Lisbon ya karne ya 16 ilitoka pwani yetu, na ziara nyingi za kawaida hazilitaji jambo hilo hata kwa sentensi moja. Usipouliza, huambiwi.

Hatua ya 1: Tazama kalenda kabla ya kutazama bei

Jumatatu ndiyo inayowaharibia wengi. Monasteri ya Jerónimos, Mnara wa Belém na Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale hufungwa siku hiyo. Kwa hiyo usipange mtaa wa Belém Jumatatu, hata ukikuta ziara inauzwa kwa bei ya kutupa. Mtazungushwa nje mkionyeshwa kuta. Jumatatu iachie Sintra, ambako majumba makubwa hufunguliwa. Jumapili asubuhi makanisani kuna misa, na mtalii mwenye kamera hapokelewi kwa furaha.

Tarehe 13 ya kila mwezi, kuanzia Mei hadi Oktoba, Fátima, mji wa hija ya Wakatoliki, hufurika mahujaji, na Mei 13 ndiyo kilele. Kama unakwenda kusali, hiyo ndiyo siku yenyewe. Kama unakwenda kutazama tu, chagua tarehe nyingine.

Julai na Agosti ni joto na foleni. Aprili, Mei, mwisho wa Septemba na Oktoba ndiyo miezi ninayoipendekeza. Majira ya baridi Lisbon haina theluji, lakini mvua yake huja na upepo unaopindua mwavuli, na mawe ya njiani huteleza kama sabuni.

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo wanahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla; ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Kwa habari ya ziara, hili lina maana moja: usilipie kitu kisichorudishwa pesa kabla viza haijatoka. Ziara nyingi za Lisbon huruhusu kufuta hadi saa 24 kabla bila kukatwa chochote. Chagua hizo.

Jambo moja dogo ambalo huleta kizaazaa: saa. Tiketi itaandikwa 09:00, yaani saa 3 asubuhi. Mkiwa familia yenye mchanganyiko wa waliotoka nyumbani na waliokulia Ulaya, kubalianeni mapema mnataja saa kwa mtindo gani, kwa sababu shangazi akisema "tukutane saa tatu", mpwa wake aliyekulia Ulaya anaweza kufika saa tisa alasiri na asione kosa lake. Simu ikishajirekebisha yenyewe, Lisbon itakuwa nyuma ya Dar na Nairobi kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa joto.

Hatua ya 2: Lisome tangazo kama mkataba

Hapa ndipo pesa hupotea, basi tukae kidogo.

Cha kwanza, tafuta neno linaloonyesha kama mtaingia ndani. "Kutembelea" na "kupita" si kitu kimoja. Tangazo likisema mtapata mandhari ya jumba, au mtasimama kupiga picha, maana yake hamtavuka mlango. Si vibaya, mradi ujue unalipia nini.

Cha pili, uliza kama viingilio vimo ndani ya bei. Ziara ya bei poa ya Sintra mara nyingi haina tiketi ya Jumba la Pena, na ukiongeza tiketi hiyo mkononi mwako unakuta imeipita ile uliyoiona ghali. Uliza pia kama chakula cha mchana kimo. Mimi napendelea kisiwemo. Chakula cha kundi huliwa kwenye hoteli iliyokubaliana na kampuni, na huchukua saa nzima na nusu ambayo ungeitumia vizuri zaidi.

Cha tatu, lugha ngapi ndani ya gari moja? Basi kubwa linaweza kuwa na Kiingereza, Kihispania na Kifaransa kwa pamoja. Mwongozaji anasema jambo lile lile mara tatu, na mnalipita jengo lenyewe kabla zamu yenu haijafika. Tafuta ziara ya lugha moja. Wasomaji wa Kongo, Rwanda na Burundi wanaostarehe zaidi na Kifaransa watapata ziara za Kifaransa bila shida. Za Kiswahili usizitegemee.

Cha nne, ukubwa wa kundi. Basi dogo la abiria wanane linapita njia za milimani ambazo basi la watu hamsini haliwezi, na kuwasubiri watu saba warudi kutoka msalani si sawa na kuwasubiri arobaini na tisa. Tofauti ya bei inalipa.

Cha tano, mahali pa kuanzia. Wengine huwafuata wageni hotelini; inasikika vizuri, ila kama ninyi ndio mnaochukuliwa kwanza, mtazunguka jiji dakika arobaini mkikusanya wenzenu. Kukutana kwenye uwanja unaojulikana, kama Restauradores au Marquês de Pombal, huwa ni haraka zaidi.

Na cha mwisho: kampuni halali za matembezi Ureno huandikishwa na mamlaka ya utalii ya nchi, na huwa na namba ya usajili inayoanza na herufi RNAAT, au RNAVT kwa mawakala wa safari. Itafute chini kabisa ya tovuti yao au ubavuni mwa gari. Ukimwomba muuzaji wa mtaani namba hiyo akaanza kukuonyesha picha za fukwe, endelea na safari yako.

Mwenye watoto aseme mapema. Sheria ya Ureno inataka mtoto aliye chini ya miaka 12 na mwenye urefu usiofika sentimita 135 akae kwenye kiti chake maalumu garini. Dereva asiyekuwa nacho anaweza kukataa kuwapakia, na atakuwa na haki.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, jiji kwa miguu

Anza na matembezi ya asubuhi katikati ya jiji, hata kama umeshaliona kwenye picha mara mia. Haya ya "bure" yanatosha kabisa: hulipi kujiandikisha, lakini mwisho unampa mwongozaji tipu, na wengi huacha kama euro 10 kwa kila mtu mzima. Kuondoka kimya kimya dakika ya mwisho ni aibu, maana hiyo ndiyo mshahara wake.

Kwa nini mwongozaji hapa? Kwa sababu bila kulijua tetemeko la 1755 mitaa ya Baixa, hapo katikati ya jiji, ni maduka tu. Asubuhi ya Novemba 1 mwaka huo, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu walikuwa makanisani na mishumaa imewashwa. Ardhi ikatikisika, mto ukajaa mawimbi ya bahari, kisha moto ukaunguza jiji kwa siku kadhaa. Waziri wa mfalme, anayejulikana zaidi kama Marquês de Pombal, akaijenga upya Baixa kwa mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, na ndani ya kuta za nyumba wakasuka fremu za mbao ili tetemeko jingine likija nyumba iyumbe isianguke. Mwambie mwongozaji akuonyeshe kwanza Carmo, kanisa la watawa ambalo paa lake halikurudishwa hadi leo, halafu ndiyo mshuke Baixa. Ukianza na uharibifu, ujenzi unaeleweka.

Karibu na uwanja wa Rossio, ingia São Domingos. Kanisa hili liliungua mwaka 1959 na nguzo zake zikaachwa zimepasuka na kubabuka vile vile. Nje yake kuna kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa kwenye machafuko ya 1506, na uwanja wenyewe ni baraza ya Waafrika, hasa watu wa Guinea-Bissau: kina mama wanauza karanga na bidhaa za nyumbani, wazee wamesimama wakipiga soga. Ndani ya kanisa hilo hilo watu weusi wa Lisbon, watumwa na walio huru, walikuwa na chama chao cha kidini tangu zamani za utumwa.

Ukitaka kulifuata jambo hili kwa kina, zipo ziara za historia ya Waafrika wa Lisbon, na ninaona ndizo bora kuliko zote za katikati ya jiji. Chama cha Batoto Yetu Portugal ni miongoni mwa wanaoziendesha. Mtapelekwa Rua do Poço dos Negros, mtaa unaokumbuka shimo ambalo Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru lichimbwe mwaka 1515 kwa ajili ya maiti za watumwa zilizokuwa zikitupwa ovyo. Leo kuna migahawa ya kahawa pande zote mbili. Wapitao wengi hawajui wanakanyaga nini.

Alasiri nenda Alfama, mtaa wa zamani ulionusurika tetemeko. Huko huhitaji mtu wa kukuongoza, unahitaji magoti tu. Siri ni kushuka badala ya kupanda. Kuna lifti mbili za umma, za bure, zinazokupandisha kutoka Rua dos Fanqueiros kuelekea ngome ya São Jorge: ya kwanza inakutoa Rua da Madalena, unatembea hatua chache, ya pili iko ndani ya jengo lenye supamaketi. Ukifika juu, tazama jiji, kisha teremka taratibu kupitia Portas do Sol hadi mtoni. Mzee mwenye miguu inayouma ataifurahia siku hiyo.

Tramu namba 28, hiyo ya manjano ya kwenye kadi za posta, mimi nawashauri wageni waipande kabla ya saa 3 asubuhi au waiache. Saa za mchana foleni ya kituo cha Martim Moniz ni ndefu, ndani mnabanana, na vibaka wanapenda hapo hapo mnapobanana.

Hatua ya 4: Belém, na dhahabu ya Kilwa

Hii ndiyo siku ya kulipia mwongozaji mzuri, ikiwezekana wa kwenu peke yenu kwa nusu siku. Mkiwa watu wanne au watano mkigawana, bei inavumilika.

Fikeni Belém kabla ya saa 3 na nusu asubuhi, kwa treni ya Cais do Sodré au tramu 15. Tiketi ya ua wa ndani wa Monasteri ya Jerónimos nunueni mapema mtandaoni. Kanisa lenyewe kwa kawaida halina kiingilio lakini lina foleni yake. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa karne ya 16 chini ya Manuel wa Kwanza, na sehemu kubwa ya gharama ilitokana na ushuru wa karibu asilimia 5 uliotozwa kwenye biashara ya Afrika na Mashariki, viungo hasa. Ndiyo maana jiwe limechongwa kamba za meli, mafundo na matumbawe. Mwulize mwongozaji habari ya ushuru huo. Jibu lake litakuonyesha mapema umempata mtu wa namna gani.

Mkiingia kanisani, kushoto chini ya roshani kuna kaburi la Vasco da Gama, na mkabala wake kulia ni la mshairi Luís de Camões. Yote mawili yaliwekwa hapo karne ya 19. Watu wa Mombasa na Malindi watasimama hapa kwa hisia zao. Gama aliondoka Lisbon Julai 1497, akafika Mombasa Aprili 1498 akakuta hakuaminika, akasogea Malindi ambako sultani, aliyekuwa na ushindani wake na Mombasa, alimpa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India, akafika huko Mei. Ukiambiwa kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia maarufu wa Kiarabu, fahamu kwamba wanahistoria wengi siku hizi hawaikubali hadithi hiyo. Miaka 95 baadaye, mwaka 1593, Wareno walianza kujenga Fort Jesus, kwa hiyo kaburi hili na ngome ile ni sura mbili za kitabu kimoja, na mwongozaji anayezungumzia "ugunduzi" tu amekusomea nusu.

Kutoka hapo vukeni kwenda mtoni. Mnara wa Wagunduzi, wenye umbo la merikebu, si wa kale; huu wa mawe ni wa mwaka 1960, wakati Ureno ilikuwa chini ya udikteta wa Salazar na bado imeshikilia Msumbiji na Angola. Ramani kubwa ya marumaru iliyo chini, mbele yake, ilikuwa zawadi ya Afrika Kusini, na tarehe 1960 inakutosha kujua ni serikali gani iliyoitoa. Simama juu ya pwani ya Afrika Mashariki, piga picha, endelea. Mnara wa Belém uko mwendo wa dakika kumi na tano magharibi. Kwa nje ni mzuri kupita kiasi. Kwa ndani ni ngazi nyembamba na vyumba vitupu. Hakikisha kwanza kama umefunguliwa kwa wageni, na ukikosa nafasi usisikitike.

Vitumbua vya maziwa na mayai vya Belém vinauzwa kwenye duka lile lile tangu 1837. Foleni ya barabarani ni ya wanaobeba. Ipite, ingia ndani kabisa, kuna vyumba vingi vya kukaa na huduma ya mezani ni ya haraka. Nyunyiza mdalasini, ule vikiwa vya moto.

Sasa sehemu ambayo karibu ziara zote huiruka. Baada ya chakula rudini kuelekea mjini, mshuke kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, Rua das Janelas Verdes. Hufungwa saa 12 jioni. Angalieni mapema kama vyumba vya vito na dhahabu viko wazi siku hiyo, kisha ombeni kuonyeshwa Custódia de Belém.

Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuweka Ekaristi hadharani kwa ibada. Ina urefu wa sentimita sabini na kitu, dhahabu tupu iliyotiwa rangi za enameli. Katikati mitume kumi na wawili wamepiga magoti, kila mmoja na uso wake. Shingoni mwake zimo duara za kinajimu, alama ya Mfalme Manuel. Chini, kwenye kitako, kuna ndege, maua na konokono wadogo kiasi kwamba utainama. Ukishainama, soma herufi zinazozunguka ukingo. Zinasema mfalme aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi za Quiloa, na kwamba ilikamilika mwaka 1506. Quiloa ni Kilwa.

Historia yake ni hii. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Gama alitia nanga Kilwa na mizinga yake, akamlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kulipa kodi ya utii kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo, ambayo Kilwa iliipata kwa biashara ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ilifika Lisbon mwaka 1503. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akaja na kikosi kikubwa zaidi, akaiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Kwa hiyo chombo hiki kilipokamilika, mji uliotoa dhahabu yake ulikuwa tayari umepigwa. Kibao cha makumbusho kina maelezo, lakini maneno yaliyochongwa kwenye dhahabu yenyewe yana uzito wake, na yanasomeka bila msaada wa mtu.

Kabla ya kutoka tafuteni pia viambaza vya kukunja vya Kijapani vinavyoonyesha Wareno wakiwasili Japani. Miongoni mwa watu wa merikebu mtaona weusi, wengine wamewashikia mabwana miavuli.

Hatua ya 5: Sintra

Sintra iko milimani kaskazini-magharibi, kama dakika 40 kwa treni kutoka kituo cha Rossio. Watu huniuliza: treni au ziara? Jibu langu linategemea umri na idadi.

Vijana wawili wenye miguu: treni. Tokeni Lisbon mapema, mnunue tiketi ya Pena mtandaoni siku kadhaa kabla, mpande basi 434 kutoka kituoni. Familia yenye mzee au mtoto mchanga: ziara ya basi dogo, bila kujadili. Magari binafsi yamewekewa vizuizi katika njia za kupanda mlimani, mabasi ya umma hujaa, na mtu mmoja akichoka siku ya wote imekwisha.

Kwa njia yoyote mtakayochagua, jambo la kujua ni kwamba tiketi ya Jumba la Pena ina saa yake maalumu ya kuingia ndani, na saa hiyo ni ya mlango wa jumba, si ya geti la bustani. Kati ya geti na jumba kuna mwendo wa karibu nusu saa wa kupanda, au kigari cha kulipia. Wanaofika getini dakika tano kabla ya saa yao huachwa nje. Kwa maoni yangu ndani ya Pena kuna foleni inayosogea polepole kupita vyumba vya samani. Uzuri wake uko nje, kwenye kuta za manjano na nyekundu na baraza zinazotazama bahari. Tiketi ya bustani na baraza peke yake ni nafuu, na inatosha.

Pesa iliyobaki ipeleke Quinta da Regaleira. Tajiri mzaliwa wa Brazil, Carvalho Monteiro, alijijengea pale mwanzoni mwa karne ya 20 bustani yenye mapango na kisima kisicho na maji, kina cha mita 27, chenye ngazi za kuzunguka hadi chini, ambako njia za chini ya ardhi zinakutoa mahali pengine kabisa. Watoto hawataki kuondoka.

Ziara nyingi za Sintra humalizia Cabo da Roca, ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya, na Cascais. Cabo da Roca ni jabali, mnara wa taa na upepo. Dakika ishirini zinatosha. Beba sweta hata Agosti. Sintra yenyewe hupata ukungu wakati Lisbon kuna jua kali.

Hatua ya 6: Safari ndefu, chagua moja

Ziara inayouzwa zaidi huunganisha Fátima, Batalha, Nazaré na Óbidos kwa siku moja. Hesabu mwenyewe: vituo vinne, zaidi ya kilomita 250 kwenda na kurudi. Mtakuwa garini kuliko mahali popote pengine. Kwa mtu anayepita Ureno mara moja maishani, sawa, ichukue. Kwa mwingine, vunja.

Mkatoliki anayetaka Fátima asiende na ziara hiyo, maana atapewa saa moja, na saa moja haimtoshi kusali, kuwasha mshumaa na kuhudhuria misa kwenye kikanisa cha mahali ambapo Bikira Maria anaaminiwa kutokea mwaka 1917. Panda basi la abiria kutoka kituo cha Sete Rios. Ni kama saa moja na nusu. Usipande treni! Kituo cha reli kinachoitwa Fátima kiko umbali wa kilomita ishirini na zaidi kutoka kwenye patakatifu, na mahujaji hukwama hapo kila mwaka. Ukifika, taji la sanamu ya Bikira Maria lina risasi ndani yake, ile iliyompiga Papa Yohane Paulo wa Pili Mei 13, 1981.

Nazaré ina mawimbi makubwa kuliko karibu popote duniani, lakini ni kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, tena siku ambazo bahari imeamka. Atakayekuuzia mawimbi hayo Julai anakuuzia picha. Óbidos ni mji mdogo ndani ya ukuta, na juu ya ukuta huo unaweza kutembea, ila upande wa ndani hauna kizuizi chochote. Mshike mtoto mkono, au mbaki chini.

Mimi ningechagua Évora, upande wa mashariki: hekalu la Kirumi la karne ya kwanza, na kikanisa ambacho kuta zake zimejengwa kwa mifupa na mafuvu ya watu. Treni huchukua saa moja na nusu hivi na mji unatembeleka wote kwa miguu. Kiangazi joto lake halina huruma.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Viatu vya soli ya mpira yenye meno. Njia za Lisbon ni mawe madogo meupe yaliyosuguliwa na miguu ya miaka mingi. Visigino viache hotelini. Maji ya bomba ni salama, beba chupa ujaze.

Mgahawani, mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa mezani bila kuagiza si zawadi. Ukivigusa utalipia, ukivirudisha hulipi, na hakuna anayekasirika. Waislamu wawe waangalifu: nguruwe huingia hata kwenye supu ya mboga kwa kipande cha soseji. Samaki wa kuchoma ni salama kwa wengi, na mitaa ya Martim Moniz, hasa Rua do Benformoso, ina migahawa mingi ya halali ya Wabangladeshi. Sambusa zinauzwa kila duka la kahawa kwa jina la chamuça. Uliza nyama gani imo. Msikiti mkuu wa jiji uko karibu na Praça de Espanha.

Mashine ya pesa ikikuuliza kama ukatwe kwa shilingi au kwa euro, chagua euro. Simu isikae mfuko wa nyuma. Wanaokunong'oneza bangi pale Baixa wanauza majani ya jikoni, usijibu, pita.

Mambo yakienda kombo

Gari halikuja? Piga simu kwenye namba ya tiketi, kisha andika ujumbe ili kuwe na ushahidi wa saa. Ugonjwa au wizi, 112. Taarifa ya polisi utaihitaji kwa bima, kwa hiyo iombe siku hiyo hiyo.

Na kama kampuni imekupa nusu ya ulichokilipia na haitaki kusikia, kila biashara Ureno inalazimika kisheria kuwa na kitabu cha malalamiko, Livro de Reclamações, chenye jalada jekundu. Kipo pia mtandaoni. Huna haja ya kugombana. Sema tu kwa upole kwamba unaomba kitabu, na mara nyingi meneja aliyekuwa hayupo anapatikana. Asipopatikana, andika tarehe, saa, namba ya tiketi na ulichoahidiwa, kwa Kiingereza kama Kireno hukijui. Kampuni ina siku 15 za kazi kukujibu. Chukua nakala yako kabla hujatoka mlangoni.